Usingizi wa Mwanafunzi: Mtihani, Simu na Mpira

Somo hili ni kwa ajili ya kijana aliye katika miaka ya mwisho ya sekondari, na kwa wazazi wake pia. Kama nyumbani yumo mtu asiyejua kusoma, lisomwe kwa sauti, hata naye asikie. Habari yake ni usingizi. Labda utasema, "Usingizi si ugonjwa; kwa nini kitabu cha afya kiseme juu yake?" Twasema kwa sababu kijana asiyelala huumwa kichwa, macho yake huwa mazito, hasira humpata upesi, na masomo aliyoyasoma jana hayaoni tena kichwani mwake. Naye hutafuta dawa ya kichwa, dawa ya macho, na vitamini. Dawa yenyewe haiuzwi.

Tuchukue mfano wa kijana mmoja wa Kalemie. Hatutampa jina, kwa kuwa wako wengi wa namna yake. Ana miaka 17. Mama yake hununua ndagala alfajiri kwa wavuvi, huzianika, huziuza sokoni, na kwa franga hizo hulipa shule. Mwaka huu kijana ataingia mtihani wa Serikali, ule ambao wanafunzi huuita Exetat. Zaidi ya masomo anapenda mambo mawili. La kwanza ni mpira. Moyo wake uko kwa TP Mazembe ya Lubumbashi, tena kwa timu moja ya Ulaya, na juu ya zote kwa Leopards, timu ya taifa. La pili ni simu. Hutengeneza video fupi za mabao ya Mazembe na kuziweka TikTok, tena ni msimamizi wa kundi la WhatsApp la wapenzi wa timu. Kazi hiyo anaijua, na watu wengi wanamsifu kwa ajili yake.

Si mtoto mbaya. Havuti bangi, haibi, anamheshimu mama yake. Shida yake ni hesabu ya masaa, na hesabu hiyo twaweza kuifanya pamoja naye.

Kumbuka usiku wa Jumapili, tarehe 28 Januari 2024. Leopards walicheza na Misri katika Kombe la Afrika, mjini San-Pédro, Côte d'Ivoire. Saa za huko ziko nyuma ya saa zetu kwa masaa 2. Mchezo ulioanza huko saa 2 usiku, hapa kwetu ulianza saa 4 (22:00). Dakika 90 zikaisha 1 kwa 1. Dakika 30 za nyongeza zikaisha bila mshindi. Ndipo zikaja penalti, moja baada ya nyingine, hata kipa wetu Lionel Mpasi akaenda mwenyewe kupiga, akafunga, na Leopards wakashinda 8 kwa 7. Hapa ilikuwa karibu saa 7 ya usiku. Nani atamlaumu mtu aliyekesha usiku ule? Sisi hatumlaumu. Lakini ongeza shangwe ya barabarani, ongeza ujumbe wa kundi ambao lazima msimamizi aujibu, ongeza video ya ile penalti ambayo lazima itoke kabla ya video za wengine: imekuwa saa 8. Na kesho yake ni Jumatatu. Saa 11 na nusu mama anamwamsha achote maji kabla ya kwenda shuleni. Amelala masaa 3 na nusu.

Mwili wa kijana waweza kuvumilia usiku mmoja wa namna hiyo. Michezo kama ule haiji kila juma. Neno linalomharibu ni siku nyingine, zile za kawaida ambazo hakuna anayezikumbuka. Tangu mwisho wa Oktoba hata mwisho wa Machi saa zetu ziko mbele ya saa za Paris kwa saa 1, kwa hiyo mchezo wa Ulaya unaoanza huko saa 3 usiku, hapa huanza saa 4 na kuisha karibu na saa 6, katikati ya usiku. Jumanne uko mchezo. Jumatano uko mwingine. Alhamisi hakuna mchezo, lakini kundi linabishana juu ya michezo ya Jumanne na Jumatano, na msimamizi hawezi kuliacha kundi lake litukanane. Basi kila usiku wa shule kijana huyu hulala masaa 5, pengine pungufu.

Waganga wanaochunguza usingizi wamekubaliana kwamba mtu wa miaka 13 hata 18 anahitaji masaa 8 hata 10 ya usingizi kila siku. Tuchukue kile kiasi kidogo, masaa 8. Kila usiku anapungukiwa masaa 3. Kwa siku 5 za shule ni masaa 15. Ni kama mtu ambaye katika juma moja alikesha karibu usiku mbili nzima bila kufumba jicho, kisha akaketi kufanya hesabu za aljebra.

Sasa sikiliza kazi ya usingizi ndani ya kichwa. Watu wengi wafikiri ya kuwa mtu akilala ubongo nao umezimwa kama taa. Sivyo. Usiku ubongo hupanga yale uliyoyapokea mchana, hutupa mengine, na kukaza mengine yasipotee. Jambo hili lilianza kupimwa zamani. Mwaka 1924 wataalamu wawili wa Marekani, Jenkins na Dallenbach, waliandika habari ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wawili tu. Waliwafundisha wanafunzi hao orodha za vipande vya maneno 10 visivyo na maana, hata wakavijua kwa moyo. Mara nyingine baada ya kujifunza waliwaacha walale, mara nyingine waliwaacha waendelee na kazi za mchana. Baada ya masaa 8 waliwauliza. Wakiwa wamelala, walikumbuka zaidi ya vipande 5 kati ya 10. Wakiwa macho, walikumbuka karibu kimoja tu. Kujifunza kulikuwa kule kule, masaa yalikuwa yale yale. Tangu wakati huo majaribio mengine mengi, yenye watu wengi zaidi, yameonyesha vilevile kwamba usingizi husaidia kumbukumbu.

Fikiri basi juu ya mama anayelipa shule kwa ndagala. Mwalimu amefundisha, daftari limeandikwa, franga zimetoka. Halafu usiku, wakati ambao somo lingekazwa kichwani, mtoto yuko kwenye simu. Mama amelipa somo zima, mtoto amebaki na kipande.

Liko na jambo la pili. Uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2000 ulionyesha ya kuwa mtu aliyekaa macho masaa 17 hufanya kazi ya akili na ya mikono kama mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika kila lita ya damu, au vibaya zaidi. Nchi nyingi hazimruhusu dereva kuzidi kiasi hicho. Kijana aliyeamka saa 11 na nusu asubuhi hutimiza masaa 17 saa 4 na nusu usiku. Kwa hiyo wewe unayefungua kitabu cha kemia baada ya mchezo, saa 6 ya usiku, wasoma kama mtu aliyekunywa. Macho yapita juu ya mistari, kurasa zageuka, nawe waamini ya kuwa umesoma.

Katika Exetat hasara hiyo huonekana wazi. Mtihani huu ulianza mwaka 1967, na kikao chake cha kawaida ni siku 4. Maswali mengi ni ya kuchagua jibu moja kati ya majibu kadhaa yaliyoandikwa. Aliyesoma na akalala huona mtego. Aliyesoma bila kulala huruka neno dogo la Kifaransa, kama vile "sauf", akachagua jibu lililo kinyume. Alilijua jibu. Alama zikapotea, na diploma yataka alama 50 kwa 100.

Wazazi, neno moja kwenu kabla hatujaendelea. Mtoto wa miaka 16 asiyesikia usingizi saa 2 usiku, na asiyeamka vyema alfajiri, si lazima awe mvivu. Ndani ya mwili wa mtu iko kama saa. Jioni ubongo hutoa kitu kiitwacho melatonini, ambacho hutangaza kwamba usiku umefika. Katika miaka ya kubalehe tangazo hilo huchelewa kuliko kwa mtoto mdogo na kuliko kwa mtu mzima. Hivyo ndivyo mwili ulivyo, na kumpiga hakutabadili neno. Lakini mwanga wa simu iliyo karibu na uso hulichelewesha tangazo hilo zaidi, na ubishi wa mpira huupa moyo mbio. Saa ya mwili inachelewa, simu inaichelewesha tena, na kengele ya shule haikuchelewa. Kijana hubanwa katikati.

Hapa yafaa tuseme pia juu ya msichana. Yeye naye hupenda Mazembe, naye huwa na simu, lakini mara nyingi simu siyo iliyomnyima usingizi. Aliamka kabla ya kaka yake, akafagia, akachota maji, na usiku, kaka yake alipokuwa kwenye mpira, yeye alikuwa anaosha sufuria za bukari na kumbembeleza mtoto. Akasinzia darasani, watu wakasema, "Ni WhatsApp." Baba, kama binti yako anaingia mtihani mwaka huu, mpe kaka yake ndoo.

Sasa tutasema juu ya mbu, maana watu wengi hawaunganishi mbu na mtihani.

Mbu aletaye malaria, anofele jike, huuma tangu giza kuingia hata alfajiri, na sana sana katika masaa ya katikati ya usiku. Sisi twakaa kando ya ziwa, na kando ya mto Lukuga, ambao ndio mlango peke yake wa maji ya Tanganyika kutoka. Maji yaliyotuama baada ya mvua, katika mashimo, katika mitaro iliyozibwa na katika matope ya ukingoni, hayakosekani kwetu. Mtu aliyelala ndani ya chandarua saa 3 amefungiwa mlango wa mbu. Kijana aliyeketi katika nyumba ya kuonyesha mpira hata saa 6, amevaa suruali fupi na fulana ya timu, amewekwa mezani. Nyumba hizo mara nyingi hazina wavu madirishani, watu wamejaa, na macho yote yako mbele. Nani atamsikia mbu penalti ikipigwa?

Fanya hesabu nyingine. Mbu akikuuma leo, homa haiji leo. Wadudu wa malaria huingia kwanza ndani ya ini, huongezeka humo, ndipo hutoka na kuingia katika damu. Kwa malaria ile kali iliyo ya kawaida kwetu, mara nyingi homa huanza kati ya siku ya 9 na ya 14 baada ya kuumwa. Kwa hiyo usiku wa mpira majuma mawili kabla ya Exetat waweza kuwa homa ya siku ya kwanza ya Exetat. Wengi wameketi mtihanini wakitetemeka, wakasema wamerogwa na jirani asiyependa wafaulu. Jirani hana kosa. Rudi nyuma kwa vidole siku 14, uulize, "Usiku ule nililala wapi, na chandarua kilikuwa wapi?"

Kwa sababu hiyo, katika majuma matatu ya mwisho kabla ya mtihani, chandarua ni chombo cha shule kama kalamu. Kifungwe vizuri chini ya godoro au mkeka, matundu yashonwe, na wewe uwe ndani yake mapema. Homa ikija hata hivyo, usimeze kidonge kimoja ulichobakiziwa na rafiki. Nenda upimwe siku ile ile. Kama ni malaria isiyo ya hatari na umepewa dawa ya artemetha na lumefantrini, ni mara 6 katika siku 3, na zote zimalizwe, hata kama umepona siku ya pili. Umeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Sombe yenye mafuta ya mawese yafaa sana.

Kuna na moshi. Umeme ukikatika, wenye nyumba za mpira huwasha jenereta, na wengine huiweka ndani au mlangoni kwa kuogopa wezi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu, na wenzako nao vilevile, tokeni nje wote mara moja, hata kama ni dakika ya 89.

Pengine kijana anayesoma maneno haya amekwisha kukasirika. Asema, "Kumbe wanataka niache mpira." Hapana. Mpira haukuzaliwa adui wa shule. Hiyo Mazembe yenyewe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto huko Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwa ajili ya vijana wa shule yao, wapate kitu chema cha kufanya baada ya masomo. Timu iliyotoka katika shule ndiyo iliyochukua kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 ilifika fainali ya Kombe la Dunia la klabu huko Abu Dhabi, timu ya kwanza kufika hapo isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini. Inter ya Milano ikashinda 3 kwa 0, lakini mtoto wa Katanga ya wakati ule, na Kalemie ilikuwa ndani yake hata mwaka 2015, alijua siku ile kwamba dunia si ya wengine tu. Furaha ya namna hiyo ni chakula, nasi hatutaki kumnyima kijana chakula.

Tena kucheza mpira wenyewe ni dawa. Aliyekimbia uwanjani saa 10 ya jioni, akatoka jasho, akaoga, akala, hulala kama mtoto. Kutazama ni jambo jingine. Mtazamaji hukaa, mwili wake haukimbii, lakini moyo wake unakimbia. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006 waganga wa mji wa Munich, Ujerumani, walihesabu watu walioletwa kwa shida ya moyo. Siku ambazo timu yao ya taifa ilicheza, hesabu ilipita mara mbili ile ya siku nyingine. Wengi walikuwa wagonjwa wa moyo tangu mbele. Baba mwenye presha, jambo hilo lakuhusu wewe kuliko mwanao. Kwa kijana mwenye moyo mzima hatari si kufa. Ni kwamba baada ya filimbi ya mwisho mwili wake hautulii upesi. Hata akilala chini, huyacheza yale mabao tena gizani saa nzima.

Basi afanyeje? Twampa shauri, si sheria, naye alipime na wazazi wake.

Kwanza achague michezo. Mwanzoni mwa mwezi achukue karatasi, aandike michezo yote anayoipenda, na saa zake za Kalemie. Ataona ya kuwa mingi haina ugomvi na usingizi. Michezo ya Uingereza ya Jumamosi inayoanza huko saa 9 alasiri, hapa huanza saa 10 au saa 11 ya jioni, kwa kufuata majira yao. Mtazamaji amerudi nyumbani saa 1 usiku. Michezo ya usiku wa manane katika siku za shule achague miwili kwa mwezi, ile ambayo kweli itamuumiza akiikosa, na kwa mingine asome matokeo asubuhi. Bao lililofungwa saa 5 usiku litakuwa bado limefungwa saa 12 asubuhi. Karatasi ibandikwe ukutani, ili neno lisibadilike kila siku.

Siku ya mchezo aliouchagua, mambo hupatana kwa maneno machache:

"Mama, leo ndio ule mchezo wa Leopards, saa 4."

"Nimeuona ukutani. Umelala mchana?"

"Bado."

"Basi lala sasa, mwanangu. Nitakuamsha saa 11. Na usiku uvae ile suruali ndefu."

Usingizi mfupi wa mchana haulipi deni lote la usiku, lakini hupunguza uzito wake. Siku nyingine zote dakika 20 au 30 zatosha, wala usiwe karibu na magharibi, usije ukaula usingizi wa usiku.

Simu ina dawa yake. Saa 3 usiku iende chumbani kwa mama, ikalale huko. Usiiweke chini ya mto kwa kusema, "Naitumia kama saa ya kuniamsha." Jogoo wako wengi Kalemie. Kundi la WhatsApp liambiwe wazi: "Baada ya saa 3 msimamizi hayupo," na wachaguliwe wasimamizi wengine wawili wasio na mtihani mwaka huu. Video zitengenezwe Jumamosi mchana, nne au tano kwa pamoja, kisha zitolewe moja moja katika juma. Wapo wanaosema, "Lakini mega za usiku ni za bei ndogo." Kama ni hivyo, weka bei ya usingizi juu yake, uone kama bado ni ndogo.

Ule ujuzi wa kutengeneza video na kuongoza watu usitupwe. Kijana anayeweza kuwakusanya watu 200 wazungumze juu ya Mazembe, aweza kuwakusanya wenzake 20 wa darasa. Kila jioni saa 12 mmoja aweke picha ya swali moja la Exetat ya miaka iliyopita, na wengine wajibu na kueleza sababu. Mwalimu mmoja akikubali kuingia kundini, ni faida kubwa.

Mambo mawili twayakataza kabisa. La kwanza ni vitu vya kufukuza usingizi. Kahawa na vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu vina kafeini. Ukiinywa saa 2 usiku, karibu nusu yake ingali katika damu saa 7. Wengine huongeza vidonge vinavyouzwa njiani, wasivyovijua jina. Tramadoli ni dawa ya maumivu. Huweza kumfunga mtu kama pombe, na kwa wengine huleta kifafa. Hakuna kidonge kinacholala kwa niaba yako. La pili ni kamari ya mpira katika simu. Kijana akiweka franga juu ya mchezo, hautazami tena kwa kupenda. Hawezi kulala kabla ya matokeo. Akipoteza halali kwa uchungu, akipata halali kwa tamaa. Na franga ile ilikuwa wapi kabla? Mara nyingi ilikuwa franga ya kulipia mtihani.

Zile siku 4 zenyewe, usibadili chochote. Lala saa ile ile, kula chakula ulichokizoea. Asubuhi usiende na tumbo tupu: uji, au bukari ya jana na ndagala, ni bora kuliko mkate mtamu wa njiani. Chukua maji ya nyumbani yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini, katika chupa safi. Kolera haiko mbali nasi kando ya ziwa hili, na mwanafunzi mwenye kiu huweza kunywa maji yoyote yaliyo karibu na kituo cha mtihani. Usiku wa kuamkia siku ya mtihani wengi hukesha na vitabu. Soma hata saa 2 na nusu, kisha funga. Ukiwa na neno moja usilolijua bado, liache. Simu iko chumbani kwa mama. Na kama usiku huo kuna mchezo, mwambie mdogo wako auangalie vizuri, akusimulie utakapotoka.

Maswali ya kujibu nyumbani

1. Mchezo unaanza saa 4 usiku na kuisha saa 6. Kufika nyumbani ni dakika 20. Kijana aamka saa 11 na nusu. Akilala mara tu anapofika, amelala masaa mangapi? Amepungukiwa mangapi?

2. Mtihani wenu unaanza tarehe gani? Rudi nyuma siku 14, kisha siku 9. Katika siku hizo iko michezo gani ya usiku, na utaitazamia wapi?

3. Hesabu vyandarua vya nyumbani mwenu na watu wanaolala. Nani analala nje ya chandarua? Je, ni yule anayeingia mtihani?

4. Katika nyumba yenu ni nani anayeamka kwanza, na ni nani anayelala mwisho? Kama ni mtu mmoja, kazi yake moja yaweza kupewa nani?